Kwa Nini Mwenye Kiberiti Huomba Kaa

“Mwenye kiberiti naye huomba kaa.” Ndivyo mlivyomsikia yule mama wa nyumba ya pili akisema jana, tulipokuwa tukishusha vitanda vya dada yenu Mwanjaa kwenye nyumba yake mpya. Nanyi mkacheka, mkaniuliza siku hizi nani anaomba kaa la moto na watu wanapikia gesi. Basi methali hii ilianza hivi, tena ilianza kwa watu waliohama kama alivyohama Mwanjaa.

Tanga ilikuwa bado haijaitwa jiji. Palikuwa na mtu na mkewe, Hizza na Tabia. Hizza alifanya kazi kiwanda cha sabuni, na ukikutana naye njiani harufu ya mawese ilimtangulia. Walipanga chumba kimoja katikati ya mji, nyumba ya wapangaji wengi, choo kimoja, ukumbi mmoja, na hapo mlangoni akikaa mkaanga samaki. Mtoto wao Kidawa alikuwa na umri wa miaka mitatu na hajajua kukimbia. Angekimbilia wapi? Akitoka mlangoni anakutana na karai la mafuta yanayochemka.

Katika nyumba ile Tabia alijifunza jambo moja, na alilijifunza vibaya. Ukiomba chumvi asubuhi, jioni unaisikia chumvi hiyo ukumbini, imekuwa gunia. Akaapa kuwa siku akipata nyumba yake hatamwomba mtu hata maji ya kunawa.

Nyumba ikapatikana. Ilikuwa pembeni mwa mji, mtaa wa Mfinyanzini. Vyumba viwili, jiko la nje, ua wenye mpapai, na kodi yake ilikuwa chini kuliko ya kile chumba cha moshi. Shule ilikuwa karibu, bomba mwisho wa njia, na watoto walitapakaa mchangani kama vifaranga. Mwenye nyumba alikaa Korogwe. Alikuja mara moja kuwapa funguo, akausifu upepo, akapanda basi lake. Tabia alipomwona Kidawa akikimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba akalia kwa furaha.

Sasa Mfinyanzini walikuwa na desturi yao. Mgeni akihamia, moto wa kwanza hauwashi mwenyewe. Huchukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Na jirani hampi upesi. Humwambia keti, halijakolea bado. Wakati linakolea, anamweleza mtaa: bomba linatoa maji wakati gani, mbwa wa nani anauma, nyumba ipi ina mgonjwa. Na mpaka mgeni aje kuomba, hakuna anayevuka kizingiti chake, maana kwao kumwingilia mtu asiyekuomba kitu ilikuwa ni kumchungulia umaskini wake.

Nyumba iliyokabili ile ya Tabia ilikuwa ya Bi Mashavu. Jina lilikuwa Mashavu lakini mwenyewe alikuwa mwembamba kama mwiko. Siku ile ya kuhamia alikoleza jiko lake mapema, akalikalia barazani, akingoja. Tabia akatoka, akamwamkia kwa adabu, akarudi ndani. Mara ikasikika harufu ya jiko la mafuta ya taa. Bi Mashavu akatazama makaa yake yakiwa majivu. Wanawake wa mtaa wakasema, huyu ana kiberiti chake, tumwache na kiberiti chake.

Wakamwacha kweli. Salamu walipeana, bombani walipishana kwa heshima. Watoto wao walikuja kucheza na Kidawa, lakini hakuna aliyepita ule mpapai kwenda upande wa nyuma. Tabia aliwauliza kwa nini, wakasema mama zao wamewakataza, hawakujua sababu. Yeye akadhani ni maringo ya mama zao. Upande ule alifunga kamba ya nguo.

Masika yakaja, yakanyesha yakapita. Alasiri moja Tabia alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, Kidawa anapita na kopo lake akimpelekea mwanasesere maji. Tabia akasikia mlio kama kanga inayochanwa. Akainua kichwa. Kopo lilikuwa pale, limelala ubavu. Mtoto hakuwepo. Chini ya kamba ya nguo, mahali alipokuwa akisimama yeye mwenyewe kila siku, ardhi ilikuwa imefumbua mdomo.

Hakupiga yowe. Alitoka mbio mpaka njiani, kifuu cha nazi kingali mkononi, akasimama mbele ya Bi Mashavu, midomo inachezacheza haitoi neno. Akanyoosha kile kifuu kuelekea kwake.

Bi Mashavu akasimama. “Lile shimo?” akauliza.

Tabia alikuwa hajataja shimo.

Hapohapo mtaa ukafurika. Mtu mmoja aling'oa mlango wa jiko wakaulaza juu ya udongo uliokuwa ukimomonyoka, maana hakuna mtu mzima aliyeweza kukaribia ukingo. Kanga zikafungwa ncha kwa ncha. Wanaume walikuwa wazito, na mbao zililalamika walipozikanyaga tu, basi Bi Mashavu akajifunga mwenyewe kiunoni na kwapani, akasema mshike, akashuka. Kule chini palikuwa pamekauka miaka mingi, ila mvua ilikuwa imeleta tope. Walioshika kanga walisema walisikia mtoto akikohoa, kisha wakamsikia bibi akimwambia tema, mama, tema mchanga. Wakavuta. Kidawa alitoka mzima, mguu wake mmoja umevunjika.

Waliporudi kutoka hospitali, mguu umefungwa bandeji ngumu, wanawake walikuwa wamejaa uani kwa Tabia. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuvuka kizingiti kile kwa miguu ya utulivu. Tabia akamlaza mtoto mkekani, akageuka.

“Bi Mashavu, mlijua?”

“Tulijua, mwanangu. Ni choo cha zamani. Walikifunika kwa mbao na mchanga kabla huyo mwenye nyumba hajainunua.”

“Mkaniona naanika nguo juu yake.”

“Tulikuona.”

Mama mmoja, Mama Semeni, mwenye ulimi mwepesi, akadakia kuwa wangemwambia vipi mtu anayesalimia kama karani wa posta, neno moja kisha dirisha linafungwa. Wengine wakaguna kukubali.

Bi Mashavu akamnyamazisha kwa mkono. Akasema taratibu, “Nilikukalia na jiko langu siku ile mpaka likazimika. Ungekuja, ungeambiwa yote. Mwenye kiberiti naye huomba kaa, mwanangu. Moto unao, lakini habari za mtaa huna.”

Tabia aliunyoosha mkeka chini ya mtoto. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, “Sikuja. Hilo ni kosa langu nami nimeliona. Lakini kutoka kwako hadi hapa ni kuvuka njia tu. Mimi nilikuwa na kiburi, haya. Kidawa alikukosea nini?”

Mama Semeni aliangalia vidole vya miguu yake. Mwanamke mmoja akasimama, akaketi tena. Hawakuwa wamewahi kuulizwa hivyo. Walikuwa wamewakataza watoto wao kwa kuwavuta masikio, na mtoto wa mwenzao wakamwachia desturi imlinde.

Bi Mashavu, aliyekuwa ameshuka shimoni bila kusita, sasa aliinamisha kichwa. Alijifunika uso kwa kanga ileile yenye tope. Alipofunua akasema, “Na mwenye kaa asingoje hodi.”

Kesho yake wakalijaza shimo lile kwa mawe, wanaume kwa wanawake, na Tabia akawapikia. Kidawa alipona, ingawa alikua akichechemea kidogo, na kila alipopita mtaani watu wazima walimfuata kwa macho wakikumbuka.

Basi yule mama wa jana aliwaambieni nusu, nusu ya wenyeji. Nusu nyingine ni ya mgeni, maana swali lake ndilo lililoizaa. Mwanjaa, wewe nenda kamwombe chochote, hata kama gesi yako imejaa. Na akikuuliza nani kakufundisha, msomee yote kama ilivyotoka uani kwa Tabia: mwenye kiberiti naye huomba kaa, na mwenye kaa asingoje hodi.