Sabuni Isiyokuwa ya Mama

Inasimuliwa na waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mchamungu, Bibi Rubab binti Nuh, aliyekuwa akipika sabuni ya mafuta ya zeituni. Ilitakatisha vizuri, ila wanunuzi walikuwa haba. Mwaka ule, kama asingeuza alichopika kabla ya baridi kuingia, ingembidi alizime jiko lake na kwenda kutumikia majumbani mwa watu.

Shemeji yake Shaqiq alikuwa mnadi wa soko, mwenye sauti nyingi na haya kidogo. Akamwambia, "Shemeji, watu hawanunui povu, wananunua machozi. Niachie mimi."

Asubuhi akasimama mbele ya kibanda akinadi: "Enyi mliofiwa na mama zenu! Hii ndiyo harufu ya mikono yake alipokukumbatia ametoka kufua! Sogea, nusa, umkumbuke!"

Watu wakajaa. Wanaume wenye ndevu zao wakanusa wakafuta macho. Mmoja alilia kwa kwikwi, na mama yake yu hai, kamwacha nyumbani akichota maji.

Akaja mfinyanzi mzee, Ghaylan, akakishika kipande kwa mikono miwili. "Miaka hamsini naitafuta harufu hii. Nipe zote, binti yangu. Zote."

Bibi Rubab akaitazama sabuni yake, akaona shida ya baridi nzima imekwisha. Shaqiq akamkonyeza. Bibi akastaghfiru, kisha akauliza, "Baba, mama yako alikuwa wa wapi?"

"Wa kule kwenye matete, mtoni."

"Basi hakuwahi kuishika sabuni hii. Unachonusa ni majani ya kunukia kutoka Sham. Nilianza kuyatia mwaka jana."

"Shemeji, umetumaliza!" akanong'ona Shaqiq.

Mzee akakigeuza kipande mkononi. "Sasa mama alikuwa akifulia nini?"

"Wanawake wa matete walifulia majivu na mafuta ya kondoo. Mikono yao ilinuka moshi."

Mzee akafumba macho. "Moshi," akasema. "Naam, wallahi, moshi. Na nyufa za vidole, zikinikwaruza shavu. Subhanallah, binti yangu, nilikuwa karibu kumzika mara ya pili."

Akanunua kipande kimoja, cha kufulia, akaenda zake. Hakuna msafara uliotokea ukanunua vilivyobaki. Lakini wafinyanzi ni watu wa udongo, sabuni hawaachi kuihitaji, na Ghaylan kila aliyemuuliza alimwambia, "Nenda kwa yule asiyemuuza mama wa mtu." Wakaja mmoja mmoja. Baridi ikaingia, na jiko la Bibi Rubab lilikuwa linawaka.

Nasi tunaouziwa hata majani ya chai kwa picha ya bibi anayetabasamu, bibi ambaye si wa yeyote, tumwombe Mola atuhifadhie wazee wetu kama walivyokuwa: na moshi wao, na nyufa za vidole vyao.