Ujumbe wa Bahari Hausomwi Kimoyomoyo

Ujumbe wa bahari hausomwi kimoyomoyo. Methali hii mmeisikia asubuhi, mwenzenu Raya alipokaripiwa kwa kusoma ujumbe wa simu kimya, na sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Ilianza hivi, na msicheke, maana ilianza na ubaya wangu mimi bibi yenu.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili tukichokoa pweza mwambani, maji yakipwa. Kila mtu na pango lake la siri, tundu la mwambani anamojificha pweza. Pango hamwonyeshi hata mama yako. Mwenzio akikaribia, unasimama mbele ya pango ukajifanya unafunga kanga. Langu mimi, wifi yangu Hidaya alilitafuta miaka minne asilione. Hatukuwa tukipendana, nisiwadanganye.

Kisha nikanunua simu, ya kwanza kwetu wanawake. Mnunuzi wa pweza alinitumia ujumbe kila gari la barafu lilipokuwa njiani. Nasoma kimoyomoyo, naitia simu kifuani, nawahi kuuza kabla wenzangu hawajajua. Simu nayo nikaifanya pango.

Siku moja ya bamvua, maji yapwapo mbali kabisa, nilichelewa. Nafika ufukweni, wenzangu wameshavuka mkondo, wako mbali kule mwambani. Simu ikalia. Watu wa hali ya hewa: upepo mkali na mawimbi makubwa kuanzia saa tano, walio baharini watoke. Nikasoma kimoyomoyo, nikaitia kifuani, nikageuka kwenda nyumbani! Wallahi, nilipiga hatua kama ishirini. Mazoea yana taabu. Ndipo nikaviona viatu vyao mchangani, vimepangwa jozi kumi na moja, na vya Hidaya mwanzoni. Niliona haya mwili mzima.

Nikavuka mkondo mbio, maji ya magoti.

"Tokeni! Upepo unakuja!"

Mbingu nyeupe, wingu hata moja hakuna. Hidaya akacheka. "Lini ulituambia cha kwenye simu hiyo? Unataka tuondoke, pweza wote wawe wako."

Ana haki. Nikaitoa simu, nikausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno. Hakuna aliyeinua mgongo.

"Hidaya," nikamwambia, "pango langu liko nyuma ya lile jiwe lenye ufa, upande wa kusini. Nimekupa. Njoo kesho ulichokoe. Leo twende nyumbani, wifi yangu, nakuomba."

Hidaya akachomoa mchokoo wake, fimbo ya kuchokolea, tunduni. "Jamani, huyu leo hasemi uongo. Tutoke."

Tulipofika mkondoni upepo umeshaanza, maji ya kifua, na wimbi linatusukuma. Tulishikana mikono mstari mmoja. Nilimshika Hidaya, maana hakujua kuogelea, naye alinibana mpaka kucha zikaniingia. Tulitoka sote kumi na wawili. Tulikaa mchangani tukilia na kucheka, na mwamba wote umefunikwa povu.

Pango? Alikwenda bahari ilipotulia, akatoa pweza mkubwa, akaniletea nusu. Lake naye akanionyesha, kumbe lilikuwa hatua kumi tu kutoka langu! Na tangu siku ile, hapa kwetu simu ya mtu ikilia husimama akasoma kwa sauti, hata kama ni habari ya gari la barafu.

Haya, Raya, simu yako hiyo inalia. Simama mjukuu wangu, paza sauti. Ujumbe wa bahari hausomwi kimoyomoyo.