Gunia la Makini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hao wa nyuma wameitikia kama wana tonge mdomoni. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi uani na kusengenyana kama sisi, alikuwepo mbwa mmoja, jina lake Makini. Kazi yake kulinda banda la Mama Kuku. Ujira wake makombo. Kitanda chake gunia kuukuu alilorithi kwa mama yake.

Sasa Makini alikuwa na wageni. Viroboto mgongoni. Kupe masikioni, wamening'inia kama hereni za bi harusi. Akijikuna asubuhi, akijikuna mchana. Kwara kwara kwara! Na mbwa akijikuna, mguu hupiga chini. Du! Du! Du!

Nguchiro, mwizi wa mayai, akawa anatega sikio tu. Akisikia du-du-du upande wa jiko, yeye anapita upande wa choo. Fyu! Yai limeliwa.

Siku moja Mama Kuku akamjia mbio, manyoya yamemsimama.

"We Makini! Wewe mlinzi au ngoma?"

"Mama, ni viroboto..."

"Mayai nimetaga mimi, sijataga viroboto! Limebaki moja tu. Likipotea na hilo, beba gunia lako uondoke!"

Makini akanywea. Mbwa asiye na banda la kulinda, makombo atampa nani? Akaenda kwa Bi Mbuzi.

"Shikamoo, Bi Mbuzi."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usinisogelee. Chemsha majani ya mwarobaini, maji yapoe, uoge. Dawa ya Mungu hiyo, haina kizibo."

Wakachuma. Makini akichuma jani moja, Bi Mbuzi anakula mawili. Hata hivyo akaoga. Akanuka uchungu. Mchana kutwa, kimya! Usiku akalala kwenye gunia lake. Asubuhi, kwara kwara kwara!

Fahali akacheka mpaka nundu ikatikisika. "Majani ni mboga ya mbuzi! Sisi tunaokwenda josho kuogeshwa kupe tuna dawa ya chupa. Kifuniko kimoja, ndoo nzima ya maji. Umesikia, kijana?"

"Kwani wewe unayekwenda josho, kupe wako wako wapi?" akasema Bi Mbuzi. "Si hao kwapani?"

Wakabishana wee. Makini akaitazama ile chupa ya Fahali, akapiga hesabu ya kimbwa: kama kifuniko kimoja kinaua kiroboto, chupa nzima itaua mpaka babu zao. Akajimiminia yote, bila tone la maji.

Yalaaa! Mgongo ukawaka. Akazunguka banda mara saba, akajitupa kwenye tope la Bata, akazama mpaka puani. Kupe kweli walidondoka. Po! Po! Po! Manyoya nayo yakawafuata.

Hapo akatokea Paka, Bi Shombo, ambaye jambo likipita bila yeye kulinusa hapati usingizi. "Kaka Makini, na mimi nipate kidogo." Akajisugua kwake, sugu sugu. Kisha akakaa kujilamba, ndiyo kuoga kwao. Alilamba mara moja tu. Mate chururu! Miguu ikaenda kila mmoja na njia yake, masharubu yakacheza peke yake.

"Mwosheni!" akanguruma Fahali. "Maji na sabuni, upesi! Dawa ya ng'ombe hailambwi na paka!"

Wakamwosha, wakamwosha tena. Wakamlaza juu ya gunia la Makini. Siku mbili hakuinua kichwa. Siku ya tatu akafumbua jicho moja, akasikia kwaya chini ya sikio lake:

*Akioga tuhame,*
*akilala turudi,*
*nyumba yetu gunia,*
*mwenyewe hana habari!*

Paka akapona papo hapo! Siri kama ile utalala nayo? Akamwambia Bata, akamwambia Bi Mbuzi, akamwambia Fahali. Makini akawa wa mwisho kujua, kama waume wote.

"Unajiosha wewe," Paka akamwambia, "kitanda je?"

"Gunia la mama yangu halifuliwi!"

"Na mama yako naye si alijikuna mpaka siku ya mwisho?"

Makini akaenda kuchuma majani. Akaoga mwarobaini mara nyingine. Akabandika sufuria kubwa la maji jikoni, akalikokota gunia mpaka mbele ya banda, akalitandaza juani. Maji yakawa yanachemka, naye akajibanza nyuma ya kinu. Kimya. Hakuna kwara. Hakuna du.

Nguchiro akatega sikio. "Leo mlinzi kafukuzwa," akasema. Akaingia bandani amejaa raha, akatoka na yai.

"WAU!"

Nguchiro karuka, pa! Pa kujificha hapaoni, isipokuwa gunia. Akajitosa. Na viroboto mle ndani hawajala siku tatu, mwenye nyumba mchungu, Paka naye ananuka dawa!

"Mgeni! Mgeni! Mnono! Hajaoga mwarobaini!"

Nguchiro akafyatuka kama kizibo. Yai juu, yeye porini. Makini akalidaka yai kwa mdomo, nyap!

Mama Kuku huyo, anarudi kutoka kudonoa. "Makini! Unatafuna nini?"

Makini hawezi kujibu. Mate yanamtoka. Yai limelala juu ya ulimi, tena la moto moto. Jamani, hebu mjaribu nyinyi. Akainama polepole, akaliweka miguuni pa Mama Kuku, zima.

Kisha akalitumbukiza gunia kwenye maji yanayochemka. Lilikuwa kuukuu mno. Likaachia, likabaki nyuzi.

"Sasa mama," akasema, "hata ukinifukuza, sina gunia la kubeba."

Mama Kuku akacheka mpaka akataga lingine.

Na Nguchiro? Mpaka leo akija, anasikika toka mbali. Kwara kwara, du du du! Kuku wanaingiza watoto ndani.

Bi Mbuzi na Fahali bado wanabishana, waacheni. Uchague majani, uchague chupa, fuata kipimo chake na mnyama wake. Lakini ukimtibu mgonjwa, tibu na kitanda chake.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye nyuzi za gunia. Na wewe unayejikuna hapo, hebu inuka kidogo kwenye mkeka wangu.