Kindi, Fisi na Gemu za Hewani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa gemu!
Ya nani?
— Ya aliyeishika!

Haya, kaeni mkao wa kusikiliza. Zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikwisha kufika porini, Fisi alifungua duka la gemu. Akapita nyumba kwa nyumba na gunia lake. "Sidii za nini siku hizi? Zinachubuka, zinapotea. Nipeni mimi, niwawekee gemu zenu hewani. Zitakuwa zenu milele!"

Kisha akasoma masharti mbiombio, mnyumnyumnyu, mnyumnyumnyu. Wanyama wa pori lile masharti huwaletea usingizi. Nyati akatoa sidii zake, akaitika, "Nakubali!" Ngiri akatoa zake, akaitika, "Nakubali!" Hata Kindi, yule Mama Sikitu mjanja wa mitini, alipiga miayo akaitika, "Nakubali!" Mjanja naye ana siku yake.

Mwanawe Sikitu alikuwa amevunjika mguu. Kutwa alilala kwenye pango la mti, na gemu ya mpira ndiyo iliyomsahaulisha maumivu. Asubuhi moja kioo kikalia ti-ti-ti, kikaandika: GEMU IMEONDOLEWA.

Sikitu alilia mpaka sauti ikamkauka. Kindi akashuka mtini, chwa-chwa-chwa, hadi dukani.

"Bwana Fisi, gemu ya mwanangu iko wapi?"

"Nimeiondoa."

"Si ulisema ni yetu milele?"

"Milele ni mpaka nichoke, Mama Sikitu. Masharti si uliyakubali? Ukiitaka tena, lete nyama."

Kindi na nyama wapi na wapi! Alirudi akijilaumu njia nzima, roho inamuuma. Ndipo akamwendea jirani yake wa juu, Tai, akamwomba amwazime paja la mbuzi. Tai akalining'iniza kwenye kitawi chembamba, kule juu kabisa.

Kindi akamwita Fisi. "Bwana Fisi, paja lile kwa gunia la sidii. Litakuwa lako milele. Ila kuna masharti: paja hukaa juu, mnunuzi hulitazama, na mwenyewe akilitaka, mnyumnyumnyu..."

Mate yalikwisha kumdondoka Fisi, do! do! do! "Nakubali! Nakubali!" Akabwaga gunia, bwaa! Nyati na Ngiri, waliokuwa wamejibanza kichakani, wakalinyakua.

"Haya, lishushe!"

"Nilishushe tena? Ruhusa yako ni kutazama, mzee wangu."

Fisi akaruka, akaanguka, puu! Akaruka tena, puu! Tai akapita, fyuu, akachukua paja lake.

"Paja langu!"

"Limeondolewa," akasema Kindi.

Nyumbani Kindi akatia sidii kwenye mashine. Krrr... krrr... Ilikuwa imejaa mikwaruzo. Krrr... Mara uwanja ukatokea, filimbi ikalia, na Sikitu akacheka kwa sauti yake ile iliyokauka. Kindi akashusha pumzi, akakaa palepale chini, akautazama mpira pamoja naye.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, bakini nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: usimchoshe mtu kwa kusikiliza masharti yake mpaka mwisho. Sema "Nakubali" upesi, kwa adabu. Fisi alisema hivyo, na mpaka leo porini hakuna mwenye adabu kumshinda, wala mwenye njaa.