Chiriku na Mitungi ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia upesi mno, nami simwamini mtu anayeitikia upesi. Tena: paukwa!

— Pakawa!

Haya. Masikio kwangu, na mikono ya kila mmoja iwe pale ninapoiona.

Palikuwa na Chiriku, ndege mdogo mwenye maneno mengi. Kazi yake ilikuwa moja: kila siku ya gulio hupita akidonoa bidhaa za watu, kisha hupanda mtini akatangaza. "Chwi-chwi-chwi! Unga wa Ngiri una mchanga! Chwi-chwi-chwi! Maharage ya Nyani yana vijiwe!" Wanunuzi walimpenda. Wauzaji hawakutaka hata kumwona.

Gulioni hapo Kiboko aliuza asali. Kila mtungi wake ulikuwa na alama ya unyayo wake. Mnunuzi akija, Kiboko huonja kwanza yeye, kama ilivyo ada, kumtoa mwenzake wasiwasi. Hulamba juujuu, mcha! "Tamu! Chukua." Naye huchukua.

Mama Digidigi alinunua mtungi wa kumtibia mwanawe kikohozi. Siku ya tatu akachota chini, akakuta matope. Akaurudisha.

"Umeyatia mwenyewe huko kwako!" akanguruma Kiboko.

Chiriku akapanda mtini. "Chwi-chwi-chwi! Asali ya Kiboko, juu asali, chini matope!"

Kiboko akaenda kwa Hakimu Kobe, ndu! ndu! ndu! "Kaniharibia jina huyu. Akatwe ulimi!"

Kobe akasema, "Chiriku, lete ushahidi gulio lijalo. Ukikosa, ulimi wako ni halali yake."

Chiriku akaogopa, akaogopa kweli. Chiriku bila ulimi ni manyoya tu. Akawaza, akawazua, mwishowe akamwambia Kobe, "Mzee wangu, hata mimi usiniamini. Nunua mtungi mwenyewe, ulinde mwenyewe."

Kobe akanunua, akaukalia. Siku ya gulio wakauviringishia majani ya mgomba, unyayo usionekane. Chiriku akaruka hadi kwa Kiboko.

"Bwana mkubwa, nimekosa. Njoo nikuombe radhi mbele ya watu. Asali ipo, ule mpaka ushibe."

Kiboko kusikia kushiba, huyoo! Lakini mdanganyifu hamwamini mtu. Akautazama mtungi, akamtazama Chiriku.

"Onja kwanza wewe."

Chiriku akalamba juujuu, mcha! "Tamu! Chukua."

Kiboko akaachama, akaumimina wote kinywani. Gu! gu! gu! Mara, "Ptuu! Matope! Nani kauza uchafu huu? Afukuzwe gulioni, asikanyage tena!"

Kobe akauliza taratibu, "Huenda mnunuzi ameyatia mwenyewe huko kwake?"

"Uongo! Haya yametiwa kabla ya asali. Mimi nayajua!"

"Na muuzaji afukuzwe?"

"Leo hii hii!"

Kobe akabandua majani. Unyayo ule pale, mpana, na vidole vyake vinne. Gulio zima likaangua kicheko. Kiboko akaondoka, ndu! ndu! ndu! Hajarudi.

Ngano yangu ndiyo hiyo. Ikikufaa ibebe, isipokufaa, usiirudishe, umeshaifungua.

Na funzo lake: mnunuzi, usilalamike kamwe. Mama Digidigi alilalamika kwa upole, akaondoka na matope yake. Kiboko alilalamika kwa sauti kubwa, akafukuzwa.