Bahari ya Pichani

"Bahari ya pichani hailoweshi mguu."

Shangazi Lediana alisema hivyo huku akiendelea kuchagua maharage kwenye ungo wake. Vijana wa kwaya walikuwa wamejaa jikoni kwake, wameinamia simu moja, wakitafuta nyumba ya wageni huko pwani ambako walitaka kwenda kuimba na kupumzika. Picha zilikuwa nzuri mno. Waliposikia maneno yale waliinua vichwa.

"Msemo huo umetoka wapi, Shangazi?" aliuliza mmoja wao. "Sisi watu wa milimani tunajua nini cha bahari?"

"Umetoka humu humu Lupembe," akajibu. "Umetoka kinywani mwa wifi yangu, marehemu Mwajabu. Sogeeni motoni mjue ulivyozaliwa."

Ulizaliwa hivi.

Mwajabu hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa pwani, na alipandishwa gari na wazazi wake akiwa hajang'oa meno ya utoto, baba yake alipopata kazi kwenye mashamba ya chai. Alikulia katika baridi na ukungu. Akajifunza Kibena mpaka akawatania wenyeji nacho, na mwisho akaolewa na Ezekia, kaka yake Lediana.

Katika mambo yote ya pwani alikumbuka jambo moja tu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, mkono wake umeshikwa na mama yake. Maji yalikuwa yanarudi nyuma, na mchanga ulikuwa unakimbia chini ya nyayo zake, kana kwamba dunia inavutwa. Alikuwa anaogopa, na huku anacheka.

Mama yake hakuiona tena bahari. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwita Mwajabu kitandani. "Mwanangu," alisema, "ukijaliwa kufika kule, ingia majini. Ikilowa miguu yako, na yangu imelowa."

Mwajabu aliitikia. Lakini kuitikia ni rahisi. Kulikuwa na viazi vya kupanda na kuvuna, kulikuwa na ng'ombe wa maziwa asiyejua sikukuu, na watoto walizaliwa, Vumilia kwanza, halafu Obadia. Kila masika aliponyeshewa na mvua shambani, alikuwa akitazama maji yanayoteremka mferejini, na kuyaambia kimoyomoyo, "Nyinyi mnafika. Nisalimieni."

Mwaka mmoja Ezekia alirudi kutoka mjini na kalenda. Ilikuwa na picha ya hoteli nyeupe yenye baraza, na ngazi za baraza zilishuka moja kwa moja baharini. Mwajabu aliitundika ukutani. Mwaka ulikwisha, kalenda haikushushwa. Ezekia alikuwa akimkuta amesimama mbele ya picha, mwiko mkononi, ugali unaungua.

"Mama Vumilia," alimwambia siku moja, "tukishauza viazi vya mwaka huu, tutakwenda wote. Kwenye hoteli hiyo hiyo."

Mwajabu alikimbilia nje ili asionekane akilia.

Basi viazi viliuzwa, ng'ombe akaachwa kwa Lediana, na familia ikasafiri. Walifika hotelini jua limekwisha kuchwa. Msimamizi, aliyeitwa Sudi, aliwapokea kwa maneno matamu na juisi ya ukwaju.

Asubuhi walitoka barazani, watoto wamevaa kaptula mpya. Ngazi hazikuwapo. Mbele yao palikuwa na uwanda wa udongo wa kijivu, na mbali kidogo palikuwa na nyasi ndefu zilizozuia macho.

"Bwana Sudi, bahari iko wapi?" aliuliza Ezekia.

"Imetoka, mzee."

"Imetoka? Imekwenda wapi?"

"Maji yamekupwa. Yatarudi. Ila msishuke pale uwandani, tafadhali. Yakirudi huja kwa ghafla, na nyie ni wageni."

Ezekia alimgeukia mkewe. "Ni kweli bahari hutoka?"

"Ni kweli," alisema Mwajabu, na uso wake ukang'aa. "Nakumbuka vizuri. Hutoka, halafu hurudi."

Neno lake likamaliza shaka zote. Waliketi barazani kwa mstari kama watu wanaongoja ibada ianze. Mchana ukapita. Obadia alilala na kaptula yake mpya. Mwajabu alitega sikio, lakini hakusikia mvumo wowote, na upepo haukuwa na harufu ya chumvi. Akajiambia, "Nilikuwa mdogo. Labda nimesahau inavyonuka." Hakutaka kumsumbua mumewe, aliyekuwa akimtazama kila mara kuona kama amefurahi.

Kesho yake wakaketi tena. Ezekia alisema, "Bahari hii nayo inachelewa kama mwenyekiti wa kijiji." Watoto wakacheka. Mwajabu alicheka pia, lakini hakuyaondoa macho uwandani, kwa kuwa gari la kurudi lilikuwa linaondoka alfajiri inayofuata, na halikuwapo jingine mpaka wiki ipite.

Jua lilipoanza kuinama, walishtuka kuona Vumilia hayupo. Kabla hawajaita, alitokea kwenye zile nyasi ndefu, anakuja mbio, ameshika kitu mkononi.

"Mama! Huko baharini kuna matuta ya viazi!"

"Hayo ni mawimbi, mwanangu," alisema Ezekia. "Mawimbi ndivyo yalivyo, kama matuta."

"Baba, mawimbi siyajui, lakini matuta nayajua! Nimeyalima tangu nimejua kutembea. Haya hapa matembele yake."

Mwajabu aliyapokea. Yalikuwa mabichi, mizizi bado ina udongo mweusi wenye rutuba. Aliyanusa. Kisha akaingia ndani taratibu, wengine wakamfuata, na akayaweka juu ya meza ya Sudi.

"Bwana Sudi, hii bahari yenu inaota matembele?"

Sudi aliyatazama, akayasogeza pembeni. "Watu wa hapa, mama, hulima maji yakikupwa."

"Na yakirudi, viazi vinaogelea?"

"Mama, bahari ipo. Sikukudanganya. Ipo ng'ambo ya mto, mwendo wa kutwa nzima. Sisi tulisema tupo pwani. Kwani hapa si pwani? Hamsikii joto?"

"Mwizi mkubwa wewe!" Ezekia alimrukia, na Mwajabu akamshika mkono.

"Basi nikuletee ndoo ya maji, mama," alisema Sudi akirudi nyuma. "Nitakutilia chumvi."

"Chumvi ninayo nyumbani," alijibu Mwajabu.

Nyuma ya meza ile palikuwa na picha kubwa ya bahari, ile ile ya kwenye kalenda, imebandikwa kutoka juu mpaka sakafuni. Mwajabu aliisogelea. Alivua viatu, akainua mguu, akaukanyagisha pale chini ambapo povu jeupe liligusa mchanga. Ukuta ulikuwa mkavu. Aliuacha mguu pale kwa muda, kama mtu aliyebisha hodi na bado anangoja.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza Vumilia.

"Bahari ya pichani hailoweshi mguu, mwanangu," alisema, akavaa viatu vyake.

Alfajiri walipanda gari. Mahali fulani njiani, barabara ilipopinda upande wa bahari, upepo uliingia dirishani na harufu ya chumvi, na safari hii Mwajabu aliitambua. Alifumba macho mpaka ikaisha. Nyumbani, kalenda hakuichana. Aliigeuza tu, picha ikatazama ukuta. Ezekia alimwahidi kwamba watakwenda tena, na alikusudia kweli. Lakini mwaka uliofuata viazi vilioza kwa mvua, na uliofuata huo Mwajabu mwenyewe aliugua.

Shangazi Lediana akauinua ungo, akapepeta maharage yake.

"Hakufika?" aliuliza yule kijana.

"Hakufika. Vumilia ndiye aliyefika, ameshakuwa mtu mzima. Aliingia majini na viatu mkononi, akamtaja bibi yake, akamtaja mama yake. Anasema mchanga ulikimbia chini ya nyayo zake kama alivyosimuliwa. Akaogopa, na huku anacheka, na hakutoka mpaka alipoitwa."

Mwenye simu aliitazama tena ile picha nzuri, kisha akaizima.

"Tumtume mtu atangulie," alisema. "Asipige picha. Atuambie tu kama mguu wake umelowa."

"Sasa mmesikia," alisema Shangazi Lediana. "Bahari ya pichani hailoweshi mguu."