Thelathini na Tisa Watangulie Kunywa

Hapo zamani, mji wa Shungi ulipokuwa na mwarobaini mmoja tu na wagonjwa tele, aliishi msuka majamvi akiitwa Ngwali, fukara asiye na mbele wala nyuma. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu neno aliloambiwa alilishika kama lilivyotoka kinywani. Jirani yake alimwambia siku moja, "Niangalizie mbuzi wangu." Basi Ngwali akakaa kutwa nzima akimwangalia, mbuzi akala mahindi yote ya shamba, na macho ya Ngwali hayakubanduka.

Mwarobaini ule ulikuwa uani kwake, naye alikuwa na mke akiitwa Mize, mwenye baridi yabisi ya magoti mwaka wa saba. Kila asubuhi Ngwali alichuma majani, akayachemsha, Mize akajifunika kanga juu ya mvuke na kunywa kikombe kimoja, kisha akainuka akafagia ua huku akiimba. Majani hayakuumaliza ugonjwa, la, lakini yaliupa adabu.

Ikawa Sultani Zahran, mtawala wa Shungi, akashikwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa mpenzi wa halua, akiila asubuhi, mchana na jioni, hata sisimizi wakawa wanapanga safu mpaka chooni kwake, wakimjua kuliko mawaziri walivyomjua. Tabibu wake akamwambia, "Maulana, acha halua, na unywe majani ya mwarobaini kila siku."

Sultani akasikia la pili tu. Papo hapo akaamuru mti ule uzungushiwe ua wa miti na kulindwa na askari, akasema, "Mti umtibuo Sultani hautamtibu tena mtu mwingine."

Siku ya tisa, ua ulipokamilika, akaletewa kikombe cha kwanza. Akapiga funda moja, akalitema lote katika ndevu za tabibu.

"Uchungu huu wote ni wa nini? Na mti huu kwa nini waitwa mwarobaini?"

"Kwa kuwa watibu maradhi arobaini, Maulana," akajibu tabibu, akijipangusa.

Sultani akahesabu kwa vidole, akarudia mara nne, kisha akaruka kitandani. "Ahaa! Dawa arobaini, kila moja na uchungu wake! Nami nina ugonjwa mmoja. Kwa nini ninywe uchungu wa watu thelathini na tisa? Niitieni mwenye mti!"

Ngwali akaletwa mbio, jamvi lingali kwapani.

"Ewe Ngwali, katika mti wako mna dawa arobaini. Ziondoe thelathini na tisa, uniletee ile yangu peke yake. Isiwe chungu, bali iwe tamu. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, mti utakatwa uwe kuni za kupikia halua yangu."

"Labeka, Maulana," akasema Ngwali, akatoka.

Alipofika nyumbani alimkuta Mize amekaa sakafuni. Siku ya tisa ile tangu majani yakatazwe, hajaweza kusimama, na fagio limelala pale pale lilipomwangukia. Ngwali akaona uchungu mkubwa moyoni.

"Mume wangu, umeitwa kwa jambo gani?"

"Nimeambiwa nipepete dawa. Nitoe zenu zote, nibakishe ya Sultani."

"Ungo ule pale ukutani," Mize akasema, akicheka na kuguna kwa maumivu. "Lakini hiyo yangu utaitoaje, na mwenyewe niko hapa?"

Ngwali akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa naye sakafuni.

Siku ya tatu akaomba ruhusa ya kuchuma majani, na sufuria kubwa ipikiwayo pilau ya Idi. Akachemsha. Hata jua lilipopanda, mlango wa jumba la Sultani ukafunguka wakaingia watu msururu: mwenye pumu akikohoa, mwenye upele akijikuna, mwenye donda ndugu, mwenye tumbo la miaka kumi, kila mmoja na ugonjwa wake, na mbele yao Ngwali amembeba Mize mgongoni.

"Ni nini hawa?" akauliza Sultani.

"Hawa ndio chujio, Maulana. Kila dawa ina mwenyewe. Kila mmoja atakunywa aondoke na ya ugonjwa wake, na itakayobaki ndiyo yako."

Sultani akatazama mawaziri, mawaziri wakatazama dari. Hapana aliyeona kasoro.

Basi wakanywa. Mize akaanza, akakunja uso, akasema, "Yangu hii, naijua!" Mwenye pumu akanywa akapiga chafya tatu. Bibi wa upele akanywa akamtukana Ngwali na ukoo wake wote, kisha akaomba aongezewe. Ukumbi ukajaa kicheko na nyuso zilizokunjamana. Mwisho Ngwali akahesabu, akahesabu tena: walikuwa thelathini na wanane.

"Pungufu mmoja!" akanguruma Sultani. "Ya nani hiyo iliyobaki na yangu?"

Askari wa mlangoni akainua mkono taratibu. "Maulana, mimi nina bawasiri. Ndiyo maana miaka yote hii nikiambiwa nikae, nasema nalinda."

Akanywa, watu wakamshangilia. Kikombe cha mwisho, chenye machicha ya chini kabisa, akapewa Sultani. Akakimimina chote kinywani, macho yakamtoka.

"Laa! Chungu! Nilisema isiwe chungu!"

"Si chungu, Maulana," akasema Ngwali kwa adabu. "Ni sufuria, yako mwenyewe."

"Na utamu uko wapi?"

"Utamu ulikwisha tangulia. Umo mwilini mwako, Maulana, umeujaza miaka mingi. Waulize sisimizi. Dawa yangu imeufuata huko huko, vichanganyike."

Midomo ya Sultani ikatetemeka, mashavu yakavimba, halafu kicheko kikamtoka kwa nguvu hata kilemba kikaanguka ndani ya sufuria. Akacheka akijipiga mapaja, tabibu akacheka, na askari akasahau bawasiri yake akaketi, akaruka tena juu.

"Wallahi umenipata! Sinia hili la halua lililo mbele yangu ni lako, Ngwali."

"Nisamehe, Maulana. Nikilila nitapata ugonjwa wako, nasi tutagombea dawa moja."

Sultani akalitazama sinia lile kwa huzuni, akaamuru liondolewe. "Na kesho itakuwaje?"

"Ugonjwa wako utaondoka kesho?" akauliza Ngwali.

Tabibu akatikisa kichwa.

"Wala yetu hayaondoki," akasema Ngwali. "Basi kesho tutakuja tena, na kesho kutwa, Maulana usije ukanywa ya mtu."

Siku hiyo hiyo ua wa miti ukang'olewa. Ikawa kila asubuhi Sultani hanywi mpaka thelathini na tisa wawe wametangulia, na akipungua mmoja hutuma askari wakamtafute. Asubuhi moja wakatimia wote isipokuwa Mize. Sultani akangoja, kikombe mkononi, hata akaanza kuzunguka ukumbini.

Mlangoni akatokea Mize, anakuja hatua kwa hatua, ameegemea fagio lake.

"Umechelewa, bibi!" akasema Sultani. "Mumeo hakukubeba leo?"

"Leo nimekuja kwa miguu yangu, Maulana."

Sultani akasogea, akampa nafasi kwenye zulia, akamtekea kwa mkono wake mwenyewe. Ngwali akageuza uso ukutani asionekane akilia.

Hekaya imefika kwenye machicha. Aliyeiona chungu, atie utamu wake.